Which, that, whose: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu virejeshi vya vitu kwenye Kiingereza

Nafundisha Kiingereza jioni. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima, wapo wanaotoa mizigo bandarini, wapo wauza vipuri, wapo wanachuo, na wapo wazazi wanaotaka tu waweze kumsaidia mtoto homuweki. Maswali ya hapa ndo yale yale yanayorudi kila kundi jipya likianza, nimeyapanga kuanzia mepesi mpaka yale yanayosumbua hata waliobobea. Kama una haraka ruka mpaka sehemu ya "it", maana hapo ndo wengi wetu tunapoachia maksi.

## Mwanzo kabisa

1. Kirejeshi cha kitu ni nini hasa?

Ni kile kineno kinachounganisha kitu ulichokitaja na maelezo yake. Ukisema "simu iliyoanguka", ile "yo" ndo inayosema tunaongelea simu, sio kiti wala mtu. Ukisema "simu ambayo ilianguka" kazi ni ile ile. Kiingereza kinasema "the phone which fell" au "the phone that fell". Kwa hiyo usitishwe na jina, virejeshi umevitumia tangu hujaanza shule, ulikuwa unalia "nataka ile uliyompa dada" na hakuna mtu aliyekufundisha.

Kwa vitu maneno ya kushika ni "which", "that" na "whose", alafu kwa mahali na wakati kuna "where" na "when". Matano tu.

2. Mbona sisi tuna cho, lo, yo, zo na wao wana neno moja?

Kwa sababu sisi tunafuata ngeli na wao hawana ngeli. Kitabu ambacho, vitabu ambavyo, gari ambalo, magari ambayo, ufunguo ambao, funguo ambazo, zote hizo kwa Kiingereza ni "which" hiyo hiyo. Kiwe kimoja viwe mia, haibadiliki.

Kinachobadilika ni kitenzi kinachofuata: "the chair which is broken", ila "the chairs which are broken". Unakuta mtu amehangaika kuchagua kati ya which na that, akapatia vizuri, alafu akaandika "the chairs which is". Which yenyewe haikuambii kama ni kimoja au vingi, rudi nyuma uangalie kitu chenyewe.

3. Which na that zina tofauti gani, nitumie ipi?

Mara nyingi zote sawa. "The bag which I lost" na "the bag that I lost" zina maana moja. Kwenye maongezi that inasikika zaidi, kwenye maandishi rasmi which ni nyingi kidogo.

Ila kuna sehemu huna uchaguzi. Baada ya koma ni which tu, angalia swali la 10. Baada ya in, on, to, for na ndugu zake ni which tu, angalia swali la 15. Na baada ya all, everything, nothing, only na maneno kama the best, that ndo inayokaa vizuri, hiyo ipo swali la 17.

4. Naweza kusema who kwa kitu?

Hapana. "The car who hit him" ni kosa hata kama gari lenyewe lilikuwa na dereva ndani. Who ni ya watu. Kinyume chake kinaruhusiwa kwa that, "the woman that sells fish" watu wanasema kila siku, ila kwenye barua rasmi andika who.

Kuna anayeuliza mbona sala ya Baba Yetu kwa Kiingereza cha zamani inasema "Our Father which art in heaven". Ni kweli, ndivyo ilivyo kwenye Biblia ya King James ya 1611, enzi hizo which ilikuwa inatumika hata kwa mtu. Sisi tunasema "uliye mbinguni" na ngeli iko mahali pake. Kiingereza cha leo kimeiachia which vitu peke yake, kwa hiyo usiitumie sala kama ushahidi kwenye mtihani.

## Ile "it" inayotuponza

5. Kwa nini mwalimu anakata "the phone which I bought it"?

Hili ndo kosa letu kubwa kuliko yote, na halitokani na uvivu, linatokana na Kiswahili kizuri. Angalia: "simu ambayo niliinunua jana". Ivunje hiyo "niliinunua": ni, li, i, nunua. Ile i inayosimama peke yake ni simu. Yaani Kiswahili kimeshaitaja simu kwenye "ambayo" na kinaitaja tena ndani ya kitenzi, na ni sahihi kabisa, hakuna wa kukukosoa. Sasa mtu anayeongea hivyo maisha yake yote akihamia Kiingereza anaenda na ile i yake, anaigeuza "it", anapata "the phone which I bought it yesterday".

Kiingereza hakitaki kutaja mara mbili. Anza na sentensi mbili: "This is the phone. I bought it yesterday." Ukiziunganisha, ile "it" haijafa, imetoka pale nyuma, imekuja mbele na imebadilika jina inaitwa which. Sehemu iliyokuwa imekaa inabaki wazi. "This is the phone which I bought yesterday." Kati ya bought na yesterday kuna nafasi tupu na lazima ibaki tupu.

Kuna dada mmoja darasani alikuwa anaomba kazi, akaniletea simu yake nisome barua pepe kabla hajaituma. Mstari wa kwanza: "Please find attached the documents which you asked me to send them." Barua yote nzuri, adabu ipo, spelingi zote sawa. Nikaweka kidole juu ya "them" nikamwambia soma tena. Akasoma, akanyamaza, akasoma tena kwa sauti, akasema "kumbe inaisha pale kwenye send". Akafuta neno moja, akatuma. Tangu siku hiyo darasani tunaita kuweka kidole. Ukimaliza sentensi yenye which au that, funika kila "it" na "them" inayofuata, kama sentensi bado inaeleweka, ifute.

6. Lakini nimeona sentensi yenye which alafu it na ni sahihi, inakuwaje?

Inategemea "it" ni nani. "An app which makes it easy to send money" ni sahihi, kwa sababu hiyo it sio app, ni kule kutuma hela. "The soup which my mother cooks when it rains" pia sahihi, hiyo it ni hali ya hewa tu, mvua inanyesha. Jiulize "it hapa ni kitu gani?" Jibu likiwa ni kile kile kilichotajwa kabla ya which, futa. Likiwa kingine, acha.

7. Lini naweza kuiacha which au that kabisa?

Kama baada yake anakuja mtu au kitu kingine kinachofanya kitendo. "The phone which I bought", mnunuzi ni I, kwa hiyo unaweza kusema "the phone I bought" na Waingereza wenyewe ndivyo wanavyoongea. "The food my mother cooked", "the road the government repaired", zote safi.

Kama baada yake kinakuja kitenzi moja kwa moja, usiiguse. "The phone fell in the water is mine" imevunjika, msomaji anafika "is" hajui aifunge na nini. Lazima "the phone that fell in the water is mine". Kiswahili sanifu hakikuruhusu kuacha kirejeshi popote, ndo maana wengi tunaogopa kuacha hata pale panaporuhusiwa. Kutoacha sio kosa. Kuacha pasipostahili ndo kosa, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi iweke.

8. "The railway built in the 1970s" which imeenda wapi?

Imefupishwa. Sentensi kamili ni "the railway which was built", wamefyeka which pamoja na was. Reli ya TAZARA, ile ya kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, unaweza kuandika "the railway which was built between 1970 and 1975" au "the railway built between 1970 and 1975". Ni vile vile kwa "the boxes on the table" na "the road leading to Kapiri Mposhi". Lazima viondoke vyote viwili, ukiacha "the railway was built between 1970 and 1975" unakuwa umetengeneza sentensi nyingine iliyokamilika yenyewe.

## Koma

9. Koma inawekwa lini kabla ya which?

Weka koma kama msomaji tayari anajua unaongelea kitu gani na wewe unamuongezea habari tu. Usiweke kama maelezo yako ndo yanayomsaidia kukitambua hicho kitu kati ya vingine.

"Mount Kilimanjaro, which is 5,895 metres high, is in Tanzania." Kilimanjaro ni mmoja, hata ukitoa ule urefu bado tunajua mlima gani. Koma mbili, moja kabla na moja baada. Hiyo ya pili watu wanaisahau sana, usiisahau. Lakini "the shop which sells spare parts is closed", hapo maduka yapo mengi na "which sells spare parts" ndo inayoonyesha ni lipi, hamna koma.

Sio urembo huu, una hela ndani yake. Mfanyabiashara mmoja ninayemfundisha alipokea katoni 60 kutoka nje, katoni 8 zikawa zimelowa. Akamwandikia aliyemuuzia: "The cartons, which got wet, must be replaced." Kwa Kiingereza hiyo inasema katoni zote zililowa na zote zibadilishwe. Jibu likarudi kwa wasiwasi, wanaomba picha za mzigo mzima na wanauliza bima, siku 4 zikapotea kwa kuelezana. Angetoa koma mbili tu, "The cartons which got wet must be replaced", ingesomeka ni zile zilizolowa peke yake. Kwa Kiswahili tofauti hiyo tunaifanya kwa sauti na kwa "zile", tunasema "zile katoni zilizolowa", kwa hiyo jicho letu halijazoea kuitafuta kwenye koma.

10. Kwa nini that haikai baada ya koma?

Kazi ya that ni kuchagua kimoja kati ya vingi, na baada ya koma hakuna kinachochaguliwa, kitu kimeshajulikana. "Lake Victoria, that is shared by three countries" ni kosa, andika "Lake Victoria, which is shared by Kenya, Uganda and Tanzania". Hapo pia huwezi kuiacha which kama tulivyofanya kwenye swali la 7, hata kama kuna mtenda mwingine: "my laptop, which I bought in Kariakoo, is slow", ukitoa which sentensi inakatika.

11. Kompyuta inanipigia mstari chini ya which na hakuna koma. Nimekosea?

Huenda hujakosea. Programu nyingi za kuandikia zinafuata desturi ya wahariri wa Marekani: that kwa maelezo yasiyo na koma, which kwa yenye koma. Wazo hilo lilipata nguvu kupitia Mwingereza H. W. Fowler kwenye kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza cha 1926, alipendekeza kwamba ingekuwa vizuri watu wagawe kazi hivyo, na mwenyewe akakiri kuwa waandishi wengi hawafanyi hivyo. Wahariri wa Marekani wakalishika kama sheria, Waingereza wengi hawakulishika.

Na hata Marekani yenyewe, Rais Roosevelt alipohutubia Bunge tarehe 8 Desemba 1941 baada ya Pearl Harbor, kambi yao ya jeshi la majini, kupigwa alisema "a date which will live in infamy", which bila koma mbele yake, na hakuna aliyemwambia arudie. Ushauri wangu: ukiandikia chuo au kampuni ya Marekani fuata mgawanyo huo, hutapungukiwa kitu. Ukiandika mtihani wa huku kwetu, which bila koma ni sahihi.

## Mali, mahali na wakati

12. "Gari ambalo tairi zake zimeisha", nasemaje?

"The car whose tyres are worn out." Whose. Wengi wanaandika "the car which its tyres are worn out" kwa sababu Kiswahili kina "ambalo" na kina "zake", kwa hiyo wanatafuta maneno mawili. Whose imebeba yote mawili, ambalo na zake ndani ya neno moja.

Kuna walimu wanasema whose ni ya watu tu. Sio kweli, inatumika kwa vitu karne na karne. Kama kwenye maandishi rasmi sana inakukwaza kuna njia nyingine, "a car the tyres of which are worn out", ila ni nzito na mi nashauri whose. Na kuna njia nyepesi kabisa ambayo mtu wa kawaida anaitumia, "a car with worn-out tyres". Na whose haiachwi kamwe.

13. Whose na who's?

Who's ni who is au who has iliyofupishwa. Ukiweza kuivuta ikawa "who is" na sentensi ikaeleweka, weka ile yenye alama. "A house who is roof leaks" haieleweki, kwa hiyo ni "a house whose roof leaks".

14. Ni "the house where I live" au "the house which I live"?

Ya kwanza. Hapa Kiswahili cha mtaani ndo kinatuchanganya. Kiswahili kamili kinasema "nyumba ninamoishi" au "ninapoishi", ile mo na po inataja mahali. Lakini wengi tukiongea tunasema "nyumba ninayoishi", na hiyo yo inatupeleka kwenye which, tunapata "the house which I live", sentensi inayokosa "in". Kwa hiyo ukitaka which sema "the house which I live in". Ukitaka where, usiweke in: "the house where I live".

Jipime hivi. Kama ungeweza kusema po, ko au mo, ni where. Kama haiwezekani, ni which. "Nyumba niliyoinunua", huwezi kusema "nilimonunua" ukimaanisha umeinunua yenyewe, kwa hiyo "the house which I bought". "Zanzibar, where I was born", ila "Zanzibar, which I visited last year". Ukishaweka where usiongeze "there" mwishoni, "the office where I work there" ni lile kosa la swali la 5 limevaa nguo nyingine.

15. "In which" na "which ... in", ipi sahihi?

Zote. "The envelope in which I put the money" ni rasmi, "the envelope which I put the money in" ni ya kawaida. Ukikisogeza kile kineno "in" mbele lazima iwe which, "the envelope in that I put" haipo kabisa. Ukikiacha nyuma unaweza kutumia that au usiweke kitu, "the envelope I put the money in".

Usikiweke mara mbili, "the envelope in which I put the money in". Hii inatokea sana kwenye ripoti kwa sababu mtu anaanza kirasmi anamalizia kama anavyoongea.

16. Na kwa siku, mwaka, saa?

"The day when we met", "the day that we met", "the day on which we met", "the day we met", zote zinakubalika. "The day which we met" hapana, inataka on. Lakini "the day which changed my life" ni sawa kwa sababu hapo siku yenyewe ndo iliyobadilisha maisha. Ukiwa na tarehe kamili ni koma na when: "9 December 1961, when Tanganyika became independent".

## Pembeni pembeni

17. Kwa nini "all what I want" ni kosa?

Kwa sababu what tayari ina "kile" na "ambacho" ndani yake. "What I want" ni kile ninachotaka. Ukisema all umeshaweka "vyote", sasa inabaki "ambavyo", na hiyo ni that: "all that I want", au "all I want". Vile vile "everything that you said", "nothing that he wrote", "the only thing that matters", "the best phone that I have ever used". What ikae peke yake: "what I want is sleep".

Hili kosa limeenea sana, nimelisikia kwa wasomi, kwa wahubiri, kwa watangazaji. Sikio limelizoea, kwa hiyo usilitegemee sikio hapa.

18. Naweza kutumia which kurejelea jambo zima?

Ndio, ni ile tunayosema "jambo ambalo" au "kitu ambacho". "The bus came late, which made us miss the exam." Kilichotukosesha mtihani sio basi, ni kule kuchelewa. Lazima koma iwepo, na lazima iwe which, sio that wala what.

Uangalie tu isije ikashika kitu kisicho chake. "He sold the motorbike to his cousin, which surprised us" hiyo inaeleweka. "He sold us a motorbike, which was a bad idea" inaweza kumpa msomaji kazi, pikipiki ndo mbaya au kuuziana ndo kubaya?

19. "I bought ten eggs, two of them were broken", tatizo liko wapi?

Hizo ni sentensi mbili kamili zilizobandikwa kwa koma. Ama weka nukta, ama andika "I bought ten eggs, two of which were broken". Hivyo hivyo kwa some of which, most of which, none of which. Kwa watu ingekuwa two of whom.

20. Mbwa, kuku, ng'ombe: which au who?

Kiswahili kinawaweka wanyama kwenye ngeli ya watu, "mbwa aliyeniuma" sawa na "mtu aliyeniuma". Kwa hiyo mwanafunzi wetu anaandika "the dog who bit me" na anashangaa akikosolewa. Kiingereza kwa kawaida kinawahesabu wanyama upande wa vitu: "the dog that bit me", "the cow which gives the most milk". Who inaruhusiwa kama mnyama ana jina na mwenye kuandika anamuona kama mtu wa nyumbani, "Simba, who sleeps by the door". Kwenye mtihani weka which au that.

21. Kampuni, timu, serikali?

Which au that pamoja na kitenzi cha umoja ndo salama: "the company which makes these batteries". Utakutana na Waingereza wanasema "the team who are playing tonight", wanawafikiria wachezaji mmoja mmoja, na hapo kitenzi kimekuwa cha wingi. Usichanganye tu, "the team who is" haipendezi kokote.

22. Kuna that ambayo siwezi kuibadilisha kuwa which. Kwa nini?

Linganisha hizi. "The news that you brought" ni habari uliyoileta. "The news that the bridge has collapsed" ni habari kwamba daraja limeanguka. Ya kwanza ni kirejeshi, weka which ukitaka. Ya pili sio kirejeshi, ni "kwamba", na which haiingii. Sisi Waswahili tuna kipimo mfukoni kuliko wenye lugha yao: Kiswahili kikisema "kwamba", acha that, kikisema "ambayo" au yo, chagua unayotaka.

Mi hili ndo nalipenda kuliko yote, kwa sababu "kwamba" na "amba" zenyewe ni ndugu, zimetoka kwenye kitenzi cha zamani kuamba, yaani kusema, zikaja kugawana kazi. Kiingereza kimeiachia that kazi zote mbili.

23. "One of the phones that has" au "that have"?

"One of the phones that have this problem." Zenye tatizo ni simu nyingi, na hii ni mojawapo. Lakini "the only one of the phones that has this problem", hapo yenye tatizo ni moja tu. Hata magazeti makubwa yanateleza hapa, kwa hiyo ukiona has kwenye ile ya kwanza usishtuke, ila wewe andika have.

24. Mtihani unasema "join the sentences using a relative pronoun". Naanzaje?

Tafuta kwanza kitu kinachojirudia kwenye sentensi zote mbili, kipigie mstari kote kote. Kile cha sentensi ya pili ndo kinachogeuka. "This is the bus. It took us to Dodoma." Kinachojirudia ni bus na It. It iko mwanzo, igeuze tu pale pale: "This is the bus which took us to Dodoma."

Ikiwa katikati au mwishoni lazima uihamishe. "I have lost the key. You gave it to me yesterday." Hiyo it iko katikati baada ya gave, itoe, ilete karibu na key: "I have lost the key which you gave to me yesterday." Weka kidole, hakikisha it haijabaki.

Ikiwa ni its, ni whose: "We crossed a river. Its water was brown" inakuwa "We crossed a river whose water was brown."

Na kama kitu kinachojirudia kiko mwanzoni mwa sentensi ya kwanza, maelezo yanaingia katikati, hayabandikwi mwisho. "The bridge was repaired. It had been damaged by floods." Wengi wanaandika "The bridge was repaired which had been damaged by floods" kwa kuogopa kuikata ya kwanza. Ikate. Which ikae mgongoni kwa bridge: "The bridge which had been damaged by floods was repaired."